Vigingi Kwenye Kinyungu

Juzi hapa Ipogolo niliona vijana wa upimaji wakigongelea vigingi vyenye vichwa vyekundu. Harufu ya rangi mbichi ikanirudisha kwenye kinyungu cha mama, bustani yetu ya bondeni.

Alasiri ile wapimaji walikuwa wameacha vigingi kama hivyo katikati ya maharage, ili barabara mpya ya mjini ipite. Kwetu kila kijiti cha ua kilichochomekwa ardhini kilichipua, basi nikachota maji kwa kibuyu nikavimwagilia kimoja kimoja.

“Hivyo havioti, mwanangu,” mama alisema, akanipokonya kibuyu.

Akamwagilia maharage, tuta kwa tuta, bila haraka. Nilidhani ananifundisha. Kumbe alikuwa ameshaambiwa kwamba hatayavuna.