Jina la Nyangeta Katika Litania

Wagoa wa Musoma walioko Toronto, Kanada, wamebaki wachache, na wengi wao sasa wanatembelea fimbo, lakini Novemba haipiti bila kuwaimbia marehemu wao litania. Ni Wakatoliki wenye asili ya Goa, India, waliokulia kwenye ule mji mdogo wa bandari, kando ya Ziwa Victoria, enzi ambazo makarani wa bandari walikuwa Wagoa, wenye maduka walikuwa Waismailia, na waliobeba marobota ya pamba hadi melini walikuwa Wajita na Wakwaya. Litania huimbwa nyumbani kwa mtu, mbele ya meza yenye msalaba na mishumaa, na kila mwaka mwenyeji ni mwingine. Nyimbo zikiisha, mwenyeji huwataja marehemu wake kwa jina na kwa udugu, kisha huanzisha Baba Yetu na wenzake wakaitikia. Anafuata aliyekaa ubavuni mwake, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Hapo ndipo zinapoletwa dengu za nazi na kinywaji kidogo, na umbea wa haja unaanza.

Safari hii zamu ilikuwa ya Piedade, bibi wa miaka sabini na sita anayeishi peke yake ghorofani huko North York. Mume alishafariki, na watoto hawakujaliwa. Ana kaka mmoja tu duniani, Neil, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu, anayekaa Brampton kwa binti yake Natalie. Neil ndiye humpeleka kliniki. Theluji ikizidi, Neil ndiye humletea mchele na mafuta. Na kila Jumapili hupigiana simu wakabishana kwa Kiswahili juu ya mambo ya Musoma, nani alianguka majini na nani alimsukuma, mpaka mmoja anakasirika na kukata. Jumapili inayofuata wanaanza upya.

Sasa Piedade alikuwa ameamua jambo. Miaka yote hiyo, zamu yake ya kutaja marehemu ikifika, alimtaja mama yake kuwa ni Ernestina. Ernestina hakumzaa. Aliyemzaa ni Nyangeta binti Bwire.

Hadithi yenyewe si ndefu. Baba yao, Caetano, alikuwa karani wa bandari, na mke wake wa kwanza alifariki siku ile ile aliyomzaa Neil. Mwanamume na kichanga mkononi, na meli nje inapiga honi, afanyeje? Akamwajiri Nyangeta, msichana wa Mwigobero, pale pale jirani na gati, aje alee mtoto. Nyangeta alilea. Muda si muda akawa anamlea na mwenye nyumba, wakubwa mmenielewa, na Piedade akazaliwa katika chumba cha uani.

Piedade alikuwa na miaka sita ndugu za Caetano walipomtafutia mke huko Goa. Ernestina akashuka melini na masanduku yake na cherehani. Hakuwa mwanamke mbaya, nisimsingizie. Alimtazama mtoto, akamtazama mume, akaelewa bila kuambiwa, kisha akatoa hukumu yake. Mtoto abaki, abatizwe, asomeshwe na masista, aitwe wake. Nyangeta aondoke. Na kuanzia siku ile mtoto asimwite yule mwanamke mama, amwite jina lake kama anavyoitwa na kila mtu.

Nyangeta akarudi Mwigobero, akawa anakaanga samaki karibu na gati. Piedade akipita kwenda shule na soksi zake nyeupe, alisimama akasema, "Shikamoo, Nyangeta." Nyangeta alijibu, "Marahaba, mwanangu," jibu ambalo mtu mzima yeyote humpa mtoto yeyote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumlaumu. Kisha alimfungia kipande cha sato kwenye gazeti. Piedade alikula kabla ya kufika darasani, akajipangusa midomo kwa mkono, na masista walimchapa kwa kunuka samaki.

Mji mzima ulijua. Musoma ile, ukipiga chafya bandarini, sokoni wanakuambia afya. Lakini watu walinyamaza, na jamani, hilo ndilo kosa la Wagoa wale: walidhani wanamstahi. Kila mmoja alijiambia kwamba aibu ni ya Piedade na kumfichia ndio wema. Walimfunika kwa heshima mpaka akakosa pa kupumulia. Nyangeta alipokufa, Piedade alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya bandari, binti wa miaka ishirini. Alikwenda mazikoni na makarani wenzake, akasimama nao nyuma, akarudi nao kazini.

Baada ya serikali kutaifisha majumba, watu walianza kutawanyika, na Piedade na Neil wakajikuta Toronto. Piedade alipiga chapa katika kampuni ya bima mpaka akastaafu. Huku nako kuna ziwa, tena kubwa, na siku za mwanzo Neil alimpeleka kuliona. Piedade alivuta pumzi ufukweni, akasema ziwa gani hili lisilonuka dagaa, akaomba warudi nyumbani. Hakulizungumzia tena.

Aliyemchochea ni Gulbanu, rafiki yake wa tangu utoto, Mwismailia ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa mbele ya gati. Wanakaa jengo moja. Mwezi Aprili walikuwa wakinywa chai, wanazungumzia mazishi ya mtu wa Musoma, Gulbanu akaweka kikombe chini na kusema, "Tukiondoka mimi, wewe na Neil, nani atajua kwamba Nyangeta alikuwepo?" Kisha akaendelea na mambo mengine, maana Gulbanu ndivyo alivyo, anakutia mwiba na kukuomba sukari. Piedade hakulala vizuri tangu siku hiyo.

Alimwambia Neil mapema, hakutaka kumvizia. Pale pale kwenye simu Neil akaja juu. Alisema baba yao amelala kwa heshima yake, amwache alale. Alisema Natalie na wanawe wanamjua Caetano wa namna moja, na hawahitaji kupewa wa namna nyingine leo. Alisema watu walimsitiri Piedade miaka yote, na leo anataka kujivua nguo mwenyewe barazani.

"Mtaje moyoni, kama siku zote," akamaliza. "Ukimtaja mbele za watu, mimi kwako sitakanyaga tena."

Piedade aliogopa. Sisemi alisita, nasema aliogopa. Uzee bila Neil aliuona wote pale, jikoni kwake, na simu ya Jumapili isiyolia. Mama alikuwa ameshakufa na kaka alikuwa hai, na mwenye akili angemchagua aliye hai. Alijiambia hivyo akisugua sufuria. Jumapili iliyofuata Neil hakupiga, wala yeye hakupiga.

Siku ya litania Neil alikuja, maana kutokuja kungezua maswali. Natalie ndiye aliyemwendesha. Alimsalimia dada yake kwa kichwa, akaketi ubavuni mwake kama desturi inavyotaka, koti hakulivua. Sebule ilijaa. Gulbanu alikuwa mgeni karibu na dirisha. Clive, mzee mwenye sauti ambaye ndiye huongoza, aliimba mpaka mwisho, akafunga macho, na watu wakamngoja mwenyeji.

Piedade alimtaja baba yake, Caetano. Alimtaja mumewe. Alimtaja Ernestina, akasema, "aliyenilea na kunisomesha," na hapo wazee wawili watatu wakainua vichwa. Akashika mgongo wa kiti.

"Na mama yangu mzazi," akasema, "Nyangeta binti Bwire, wa Mwigobero."

Akaanzisha Baba Yetu kwa Kiswahili, ingawa siku zote walisali kwa Kiingereza. Kuitikia ikawa kazi. Clive alinong'ona maneno mawili matatu, wengine wakatazama zulia. Gulbanu, ambaye si Mkristo na sala yenyewe haijui, akasema Amina kwa nguvu mahali pasipotakiwa. Natalie alimuuliza baba yake kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, huyo aliyetajwa ni nani. Neil alisimama, na Natalie akashika funguo za gari, akijua wanaondoka.

Lakini zamu ilikuwa ya Neil, na zamu husimamiwa. Alimtaja baba yao, akamtaja mama yake aliyefariki akimzaa, akamtaja Ernestina. Clive alipofungua kinywa ili Baba Yetu ianze, Neil akainua mkono kumzuia.

"Na Nyangeta," akasema. "Mimi ndiye niliyeanza kumwita mama. Piedade alijifunza kwangu."

Akaketi, akamgeukia Natalie, akayarudia maneno yale yale kwa Kiingereza, polepole, na machozi yanamtoka wazi mbele ya watu waliomjua tangu akiwa na kaptula. Halafu akaanzisha Baba Yetu kwa Kiswahili, na safari hii sebule nzima iliitikia, hata wale waliokuwa wamesahau nusu ya maneno.

Duara liliisha. Dengu zilikuwa tayari mezani, lakini hakuna aliyezifuata. Clive alijikongoja na fimbo yake hadi kwa Piedade, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole, Piedade," akasema. "Pole kwa kufiwa na mama." Nyuma yake wazee wengine wakawa wameshajipanga. Neil akavua koti, akasimama upande wa dada yake, akapewa pole naye. Mfiwa akipewa pole hujibu kwamba ameshapoa, ndivyo tulivyofundishwa sote. Piedade aliwashika mikono mmoja baada ya mwingine na kuwaambia asante, basi, kwa sababu hakuwa amepoa.