Mshale Juu ya Leso

Mama alisema mimba ya miezi sita haiendi mjini peke yake, kwa hiyo tukatoka mtaani kwetu Mountain View pamoja, mimi na faili langu la viza. Nilitaka kumfuata mume wangu kwao Ujerumani kabla sijajifungua. Ningechelewa zaidi, ndege hazingenibeba, na mtoto angezaliwa baba yake akitazama kwenye simu.

Katika ofisi ya wakala wa viza huko Westlands, mwanamke wa kukagua faili alisoma jumbe za simu kati yangu na mume wangu moja baada ya nyingine, hata zile za mahaba, kana kwamba anakagua risiti za stima. Mama alijifanya anatazama dirishani. Nilitamani ardhi inimeze.

"Hizi selfie ni za nyinyi wawili tu," akasema yule mwanamke. "Hao watu wa ubalozi wanataka kuona family inawajua."

Nikamtolea picha ya siku ya mahari. Mume wangu amesimama mbele ya wanawake waliofunikwa leso kuanzia kichwani hadi vifundoni. Ndiyo desturi yetu: mwanamume amtambue wake, na akikosea atozwe faini.

"Sasa wewe ni gani hapa?"

"Wa tatu."

"Lakini face haionekani."

"Si nimefunikwa!"

"Basi leta ile umefunuliwa."

Haikuwepo. Leso ilipoondolewa, kila shangazi mwenye simu aliitupa kwenye kiti akapiga vigelegele.

Mama akashindwa kuvumilia. "Madam, na hii tumbo nayo imeletwa na upepo?"

"Pole mum, hiyo si proof."

Alisema kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonichoma. Ukoo mzima ulikula mbuzi ukashuhudia. Leo ndoa yangu inangoja idhini ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwetu, na mimi ndiye ninayeonekana mwongo!

Mwishowe akanisogezea kalamu. "Weka tu arrow, uandike hapo 'mke'. Wataelewa."

Nikachora. Nilibonyeza kalamu kwa hasira, mshale ukaenda upande. Siku ile mume wangu, mgeni asiyejua hata salamu zetu, alipita mbele ya wanawake wale polepole akitazama miguu, akakiona kidole changu kilichopinda, akasimama. Hakuna aliyemchorea mshale.