Nyota ya Bwana Harusi

Harufu ya visheti ikinipitia puani hata leo, hunijia ile wiki nyumba yetu ilipotaka kuvunja harusi kwa sababu ya elimu ya anga. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Nyumba yetu ya Malindi ilijaa moshi wa samli na iliki, na shangazi yangu Zuwena alikuwa ndani anasingwa liwa, rojo la mti wa manukato, maana Alhamisi anaolewa na Seif, fundi cherehani wa Jang'ombe. Posa yenyewe haikuwa rahisi. Bibi, mama yake Shangazi, hakukubali mpaka wapigiwe falaki: majina yao na ya mama zao yakageuzwa hesabu, yakatolewa kumi na mbili kumi na mbili, kilichobaki ndiyo nyota ya mtu. Ya Seif ikatoka Mizani, ikapatana na ya Shangazi, na Bibi akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.

Mimi nilikuwa msichana wa darasa la tano, mwenye domo. Jumatatu ile Mwalimu Haroub alitufundisha mambo ya mbinguni. Alisema nyota hazihesabiki kwa laki, wala kwa laki mara laki. Ziko mbali hata mwanga wake husafiri miaka na miaka kutufikia, na nyingine tunazoziona huenda zilikwisha kufa zamani. Nilirudi mbio, nikavua viatu mlangoni, nikapasua: "Bibi, mwalimu kasema nyota nyengine zishakufa! Tunaona mwanga wake tu!"

"Nyengine zipi?" Bibi akaacha upawa ndani ya mafuta. "Mizani imo?"

"Hakutaja."

Lahaula! Bibi akaketi chini pu. Kwake nyota ilikuwa bahati ya mtu, na mwanawe anapewa mume ambaye bahati yake ni maiti! Akaamuru karai literemshwe, harusi isimame. Shangazi akatoka analia, liwa imemtiririka mpaka kidevuni. "Umeniulia mume," akanambia, nami nikatamani ardhi inimeze. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa ulimi mzima.

Ikabidi Mwalimu aitwe. Kijana wa watu akaja na chaki mfukoni. "Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Mizani hai au imekufa?"

Mwalimu akakuna kichwa. Akaeleza kwamba Mizani si nyota moja, ni kundi. Kwamba hata jua letu ni nyota. Na kwamba dunia nzima, mbele ya hizo zote, haifiki hata ile chembe ya sukari iliyodondoka sakafuni. Bibi akainama, akaitafuta chembe, akaitazama kwa muda.

"Na sisi tumo humo?"

"Naam, Bi Mkubwa."

"Sasa huko juu kote, ipi inayojua kama Zuwena anaolewa Alhamisi?"

"Hakuna hata moja."

"Hazijui!" Bibi akainuka. "Hazimjui, zitamharibia vipi? Mwenyezi Mungu anamjua, yatosha. Rudisheni karai motoni!"

Alhamisi Shangazi akaolewa, na Mwalimu alikula pilau ya watu watatu.

Siku hizi watoto hutaja mabilioni bila hata kumeza mate, na simu zao huwaonyesha kila nyota kwa jina lake. Sisi tuliogopa nyota. Wao wanaogopa udogo wao. Idi iliyopita mjukuu wangu aliniambia kwa huzuni kwamba binadamu si kitu katika ulimwengu. Nilikasirika! Nikamburura mpaka Jang'ombe kwa Shangazi, ambako watoto, wajukuu na vitukuu walijaa ukumbini, uani, hadi barazani, na ajuza mwenyewe katikati anawakemea kwa majina yasiyo yao. Mjukuu wangu akaanza kuwahesabu kwa kidole. Shangazi akamchapa mkono.

"Koma! Kahesabu nyota. Watoto wa watu hawahesabiwi."