Makufuli Saba Niliyoyakataa

Mume wangu alikuwa fundi wa vitu vidogo. Kufuli, taa, cherehani, hereni, bawaba ya sanduku, kitu chochote ambacho fundi wa majembe angekiponda kwa nyundo yake, kililetwa kwetu. Nyumba yetu ilikuwa Morogoro mjini, upande wa kuelekea mtoni, na meza ya kazi ilikaa chini ya dirisha pekee tulilokuwa nalo. Mjerumani alikuwa ameshajenga boma lake, na reli ya kutoka pwani ilikuwa imeshafika.

Mali yetu kubwa ilikuwa jiliwa, kile chombo cha chuma cha kubania kitu kisicheze wakati unakipiga tupa. Karakana ya reli ilikuwa na majiliwa makubwa yaliyopigwa misumari mezani, hayasogei hata kidogo. Letu lilikuwa dogo, kama ngumi mbili za mtu mzima, na kiuno chake kilizunguka. Unalegeza kishikio, unaligeuza upande unaotaka, unakaza tena. Kazi inabaki palepale ilipobanwa, lakini sasa inatazama dirishani, au inakutazama wewe. Fundi mmoja wa Kihindi wa reli ndiye aliyemwachia mume wangu alipohamishwa kwenda mbele, kwa shukrani, maana cherehani ya mkewe ilikuwa imewashinda watu wawili kabla yake.

Mimi nilikuwa mke wa nyumbani tu. Nilitoka milimani, upande wa Uluguru unaotazama mji, na niliposhuka kuolewa nilijua kulima, kusuka ukili na kusoma herufi za Kiarabu nilizofundishwa na mama. Chuma nilikijua kwa jembe na sufuria.

Kisha jumbe akaleta agizo la kazi ya lazima. Wanaume wa mtaa wetu wakapelekwa kushusha mataruma ya reli, yale mapande ya chuma yanayolazwa chini ya reli. Siku ya nne taruma liliteleza likamwangukia mume wangu mkononi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikauka kabisa, havikunji wala havinyooki. Alirudi nyumbani, akakaa mbele ya meza yake siku nyingi bila kugusa kitu. Watu wakija na taa zao anawaambia, "Nendeni kwingine."

Siku moja nilikuwa nafagia nyuma yake. Akasema bila kugeuka, "Weka ufagio chini. Keti hapa."

"Niketi nifanye nini?"

"Mimi nina macho, wewe una mikono. Keti."

Alinianzisha na kipande cha shaba. Nikakibana kwa nguvu zangu zote kama ninayeua nyoka, na nilipokitoa kilikuwa na alama za meno ya jiliwa pande zote mbili. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu aumie. Akanifundisha kuvisha taya zile vipande vya ngozi ya mbuzi, ili zishike bila kuuma. Akanifundisha kusikiliza, kwa kuwa tupa ikikwaruza vizuri ina sauti moja, na kitu kikilegea sauti inabadilika kabla jicho halijaona. Akanifundisha kuligeuza jiliwa badala ya kujipinda mwenyewe. "Anayejipinda," aliniambia, "mkono wake unafuata mgongo, na mstari unakwenda kombo."

Mwaka haukuisha nikawa nachonga ufunguo mpya kwa kutazama tundu la kufuli tu. Nilitengeneza hereni za bibi harusi wa mtaa wa pili, kigurudumu cha kupandishia utambi wa taa ya msikitini, na jino dogo la cherehani lililonichukua siku tatu. Wateja wengine walimpa mume wangu kitu mkononi, naye alikipokea kwa mkono wa kushoto na kunipa mimi mbele yao. Wapo waliosema mwanamke akishika tupa nyumba inaingia mkosi. Mmoja alisimama mlangoni na kuniambia hivyo usoni. Nikamwambia, "Basi chukua taa yako yenye giza uende nayo, usije ukaambukizwa." Aliiacha. Niliitengeneza, akaja kuichukua, akalipa.

Asubuhi zote mnyororo ulipita mbele ya nyumba yetu. Wafungwa walifungwa shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, kila shingo na pete yake na kila pete na kufuli lake, wakapelekwa mtoni kubeba maji na mawe ya boma. Nilijifunza kuusikia kabla haujafika, kama nilivyojifunza kusikia tupa. Katika mnyororo ule akaingia muuza makaa wetu, mzee wa milimani aliyetuletea makaa ya kulehemu kila wiki. Kosa lake ni kwamba alipoitwa kwenye kazi ya barabara alikwenda kumzika dada yake kwanza. Siku ya kwanza nilipomwona, nilitoka hadi mlangoni na tupa mkononi. Yeye akanitupia jicho na kusema, "Mama, makaa ya wiki hii yatachelewa kidogo."

Askari akamsukuma. Siku ya pili akasema vilevile. Na ya tatu. Pete ilikuwa imemchubua shingo hadi nyama nyekundu, na bado aliniomba radhi kwa makaa.

Siku chache baadaye akaja kwetu ombasha, askari wa cheo, mtu mrefu mwenye sauti ya kwenye gwaride. Alibeba mfuko wa turubai, akaumimina juu ya meza yangu. Yalianguka makufuli saba, mazito, yenye kutu na jasho. Niliyatambua kabla hayajatulia.

"Haya hayafungi vizuri," alisema. "Fundi wa boma anaumwa. Nimeambiwa hapa kuna chombo kinachozunguka na kuna mtu anayekijua. Bwana mkubwa wa karakana ya boma anayataka kesho kutwa asubuhi."

Mume wangu alisema haraka, "Tumesikia, afande."

Mimi nikasema, "Sitayatengeneza."

Ombasha alimtazama mume wangu kana kwamba ndiye aliyesema. "Mkeo anasema nini?"

"Nimesema sitayatengeneza," nikarudia. "Leta saa, leta taa, leta kitasa cha mlango wa bwana mkubwa mwenyewe. Kufuli la shingo ya mtu haliingii kwenye jiliwa hili."

Hakunipiga. Aliinama karibu yangu, akaniambia kwa upole ulionitisha kuliko kelele zake, "Kesho kutwa asubuhi, mama." Akaondoka, makufuli akayaacha.

Mlango ulipofungwa mume wangu alinibembeleza nibadili neno. Simlaumu, mkono wake ulikuwa ushahidi wa kutosha wa yale wanayoweza. Akasema, "Yatengeneze ovyo. Weka springi dhaifu, yafe baada ya siku mbili. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," nilisema. "Tena baada ya siku mbili watayaleta tena. Kazi mbovu sifanyi, na hii sitaifanya nzuri. Sasa nisaidie kulifungua."

"Kufungua nini?"

"Jiliwa."

Alinielewa, ingawa alichukua muda. Akashika kitako kwa mkono wake mzima, mimi nikazungusha parafujo inayosogeza taya hadi ikatoka yote, ndefu, inang'aa mafuta. Nikatoa na zile taya mbili. Kilichobaki mezani kilikuwa kiwiliwili cha chuma, kizima kwa kukitazama, hakina kazi yoyote. Nilifunga parafujo na taya kwenye kipande cha kanga, nikaviweka ndani ya kikapu, chini kabisa, juu nikamwaga maharage. Asubuhi yake nikapanda milimani kwa mjomba wangu, ndugu wa mama. Kwetu Uluguru mtu akiwa na shida haulizwi baba yake ni nani, anakwenda kwa wajomba. Ardhi inatoka kwa mama, na makimbilio pia.

Mjomba alikuwa anapalilia. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitika, akapokea kikapu, akahisi uzito.

"Maharage gani haya mazito hivi?"

Nikamweleza yote. Alikaa juu ya ukingo wa shamba, akafuta jembe kwa nyasi. Aliniuliza jambo moja tu. "Wakikufunga, mumeo atapikiwa na nani?"

"Atajipikia kwa mkono mmoja."

"Basi nenda," alisema. "Hiki hakitaonekana." Nilishuka jua likiwa bado juu.

Asubuhi iliyofuata ombasha alikuja na yule Mjerumani msimamizi wa karakana ya boma, mtu mwekundu mwenye mikono ya fundi, makovu ya moto hadi kwenye viwiko. Aliongea Kiswahili cha amri. Aliyakuta makufuli yake yamepangwa mstari mmoja mezani, vilevile na kutu yake. Akainua moja, akalitikisa, akalirudisha. Kisha akaona jiliwa. Akaligeuza kiuno, likazunguka kwa ulaini, na nikaona uso wake ukifurahi kidogo, kama uso wa fundi yeyote. Halafu akaona tundu tupu.

"Parafujo iko wapi?"

"Ipo."

"Wapi?"

"Ilipo."

Ombasha akafoka, "Mjibu bwana mkubwa vizuri!"

"Nimejibu. Sikusema imepotea, wala sikusema imevunjika. Ipo, na siitoi."

Yule Mjerumani alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kuniambia kwamba chuma ni chuma tu, kwamba fundi haulizi kufuli linakwenda wapi. Au ninajipa mawazo yake. Alichosema ni, "Mwezi mmoja. Atatwanga." Wakachukua kile kiwiliwili cha jiliwa, wakachukua makufuli, wakanichukua na mimi.

Wanawake wafungwa hawakufungwa mnyororo. Walitwanga mahindi ya askari uani kwa boma, kuanzia jua linapochomoza. Malengelenge yalipasuka siku ya pili, na niliogopa kuliko ambavyo ningeogopa viboko, maana mikono yangu ndiyo ilikuwa yote tuliyonayo. Nikajifunza kulegeza kiganja mchi unapotua. Kila siku ya ukaguzi ombasha alisimama mbele ya kinu changu.

"Parafujo?"

"Ipo."

Mara ya tatu wanawake waliokuwa wakitwanga nami wakaanza kuitikia pamoja, chini chini, kabla sijafungua kinywa, "Ipo." Akatishia kuwaongezea siku. Wakanyamaza, lakini michi iligonga kwa kishindo hadi alipoondoka.

Sasa niseme ukweli wote, maana wanaosikia kisa hiki hupenda kunipamba. Makufuli yale yalitengenezwa. Fundi wa boma alipona homa, akayatengeneza kwa siku moja, na niliuona mnyororo ukitoka langoni umefungwa vizuri kabisa. Muuza makaa alikuwa wa tatu kutoka mbele. Kukataa kwangu hakukumpunguzia hata siku moja, na nilipomwona siku ile nilitwanga huku nalia. Lakini hayakupita mikononi mwangu. Alipofika usawa wangu alinitazama, akaona mchi, akatikisa kichwa na kusema, "Na wewe tena, mama! Sasa makaa nitampelekea nani?" Sikuomba radhi kwa mtu wakati ule, na leo siombi.

Nilipotoka, mjomba alikuwa ananisubiri nyumbani pamoja na mume wangu. Hawakukaa bure. Mjomba alikuwa amechonga kiwiliwili kipya cha jiliwa kwa gogo la mninga, akitumia mikono yake na maelekezo ya mume wangu, na ile parafujo ilikuwa ndani yake tayari. Ilibana. Lakini haikuzunguka, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuzunguka. Nilikaa na kazi hiyo hadi mvua zikaanza. Mara ya kwanza nilikata kitako cha mduara, kikapasuka. Mara ya pili kilizunguka vizuri lakini hakikukaza. Mara ya tatu nilikivalisha pete ya chuma iliyotoka kwenye gurudumu la mkokoteni, nikaipiga tupa siku tano hadi ikaketi. Lilizunguka kwa kulia kama mlango mbovu, na lilihitaji mafuta kila asubuhi. Mume wangu alililegeza kwa mkono wa kushoto, akaligeuzia dirishani, akalikaza, akavuta parafujo kulijaribu. Halikutikisika. Hakunisifu. Alinisogezea taa iliyokuwa imesubiri mwezi mzima na zaidi.

Kati ya wateja waliorudi alikuja mwanamke mmoja mnene mwenye cheko la karibu. Nilimjua. Alikuwa mke wa yule ombasha, na uani kwa boma alinipa maji ya kunywa mara mbili, mumewe akiwa hayupo. Kichwani alikuwa na cherehani, chombo cha kuzungushia uzi kimevunjika. Akaniuliza kwa wasiwasi, "Utanikatalia?"

"Wewe hujanifunga," nilimwambia. "Iache, uje baada ya siku nne."

Siku ya nne hakuja yeye, alimtuma mumewe. Ombasha alisimama mlangoni na sare yake, akajaza mlango mzima, nuru ikapungua mezani. Ndani walikuwepo wanawake wawili na mzee mmoja mwenye kufuli la sanduku, wamekaa mkekani.

"Nimekuja kuchukua cherehani," alisema.

"Bado sindano haijakaa sawa," nilimwambia. "Na hawa wamekutangulia."

"Mimi nina kazi bomani."

"Na hawa wana kazi. Sogea kidogo hapo mlangoni, afande, unanizibia mwanga."

Mume wangu aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu sakafuni. Wanawake walitazama mkeka. Nikaendelea kupiga tupa. Ombasha alivua kofia, akatoka, akaketi kwenye kizingiti cha nje juani. Nikamgeukia mzee nikamwambia, "Haya baba, lete kufuli lako."