Choma Kwanza, Ndipo Uyeyushe

Iko siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu. Ulikuwa mchana wa joto nyumbani kwetu Matrah, Omani, mwaka wa tatu tangu wazee wangu wakimbie mapinduzi ya Unguja. Mimi nilikuwa Uingereza, kijana msaidizi katika maabara ya nyuklia, na baada ya kukingojea mno kibali cha kuingia Maskati, nilikuja kuwaona.

Nyumba ile ilikuwa na msiba usiotajwa. Mdogo wangu, Salum, aliuawa Unguja. Jirani yetu alimwona akizikwa, akaja kuwaambia wazee. Baba akamjibu, "Umemfananisha," na tangu hapo hapakukaliwa matanga wala hapakusomwa khitma ya kumuombea. Kila Idi baba alimshonea Salum kanzu mpya, ikakunjwa, ikatiwa sandukuni. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu hata kilio kilifichwa.

Tukiwa kwenye wali, baba aliniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Nikamweleza kwamba iko fueli ya mtambo wa nyuklia iitwayo kabaidi, yaani urani iliyoshikana na kaboni. Ikishatumika huyeyushwa, ili urani iliyobaki itolewe itumike tena. Ukiitia moja kwa moja kwenye asidi kali ya moto huchemka, hufuka, kisha huyeyuka yote, nawe utadhani umemaliza. Lakini maji yake huwa ya rangi ya kahawa. Kaboni haikuondoka yote. Nyingine imegeuka asidi za namna nyingine, nazo huing'ang'ania urani, isitoke vizuri. Njia ya pili ni kuichoma kwanza, polepole maana ni nyepesi kushika moto, kaboni itoke kama hewa, ndipo uyeyushe. Hapo maji huwa manjano safi.

Mama alikuwa ameacha kula. "Basi sisi tulitiwa kwenye asidi kabla ya kuchomwa," alisema, akimtazama baba. "Nnataka kumlilia mwanangu. Msomeeni khitma."

Baba alinawa mikono akatoka, na sahani yake haijafika nusu.

Alasiri mama alinituma nimfuate, nimuombe kwa niaba yake. Nilimkuta sokoni kwa fundi cherehani, utepe uko mkononi.

"Afadhali umekuja," aliniambia. "Simama nikupime. Salum keshakuwa na kimo chako."

"Baba, mama anaomba khitma."

"Inua mkono."

Nikainua. Alilipima bega langu mara mbili bila ya kunitazama usoni, nikatambua kwamba anajua Salum hayupo. Nilimuomba tena, kwa sauti ya chini, maana mbele ya watu baba hajadiliwi. Akamgeukia fundi, akamwambia aongeze pindo, kijana bado anakua.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Kibali kilichelewa, sikuwahi maziko. Nilipofika niliambiwa baba alimsomea yeye khitma kubwa, na jina la Salum hakulitaja. Mama yangu alizikwa na kilio chake kooni. Watu husema siku zikipita huponya. Kwetu hazikuponya kitu. Baba mwenyewe alikufa akiniita mimi Salum. Nimemsomea ndugu yangu khitma nyingi tangu hapo, lakini aliyeihitaji hayupo. Hili limenishinda, mwanangu, wala sitaraji faraja yake tena.

Nakwambia haya kwa sababu babako, rafiki yangu, tumemzika juzi, na jana nimesikia ulikuwa Al Khoudh chuoni, umevaa koti lako la maabara, unacheka na wenzako. Wanakusifu kwamba una moyo mgumu. Wasikuhadae. Kazi ni njema, lakini haikimbii. Kaa na mamako kwanza. Mtajeni marehemu kwa jina lake, mlilieni mpaka macho yachoke, wala usimwambie mtu aliyefiwa kwamba sasa imetosha. Ukilikimbilia lijalo na msiba haujaungua, msiba utalishika, na hutaweza kuvitenganisha. Mimi sikuweza, na kutenganisha ndiyo kazi niliyosomea.

Zile kanzu nnazo bado. Nimeshindwa kumpa mtu azivae. Mwenyezi Mungu amrehemu babako na amrehemu Salum. Akupe subira, mwanangu, na kabla ya subira akupe machozi, mama yako akuone ukilia, naye apate kulia. Amin.