Wote Walisema Wameelewa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau kwa zaidi ya miaka thelathini na imekataa. Leo nitakusimulia ilivyokuwa, kwa sababu nimesikia umepangiwa kufundisha Kiingereza kidato cha sita, na karibuni utakabidhiwa fomu za kuwapima wanaomaliza, nani anajua kusikiliza na nani anajua kusoma. Mimi nilizijaza fomu za namna hiyo nikiwa na umri kama wako. Nilizijaza vibaya, na aliyeumia hakuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka chuoni, nimepangiwa shule ya bweni kule kwetu Iramba, chini ya mlima wa Sekenke. Mimi Mnyiramba, kwa hiyo nilifurahi kurudi nyumbani. Lakini kilichonifurahisha zaidi kilikuwa Kiingereza changu. Nilikisemea puani, mwanangu! Hata maji ya kunywa niliyaagiza kwa Kiingereza, na mpishi wa shule, mama wa watu asiyejua neno hata moja, alinitazama tu mpaka nikachoka mwenyewe. Wanafunzi waliniita Madamu, na kila nikiitwa hivyo kichwa kilizidi kuvimba.

Sasa wewe unajua tulivyolelewa sisi watu wa Singida, Mnyaturu kwa Mnyiramba. Mkubwa akisema, mdogo anaitikia. Akikuagiza jambo hukumwelewa, unasema ndiyo, unaondoka, unakwenda kuuliza wenzako huko nyuma ya nyumba. Kumwambia mkubwa usoni kwamba hujamwelewa ni kama kumwambia hajui kusema, na mtoto wa hivyo huitwa ana mdomo. Nililelewa hivyo mimi mwenyewe. Lakini nilipoingia darasani na kitabu mkononi nikayasahau yote. Nilisoma ukurasa, nikauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likajibu, "Yes, Madamu!" Na mimi nikaamini, kwa sababu ilinifaa kuamini.

Mwaka ule mkuu wa shule aliniita ofisini, akanionyesha fomu zilizotoka hospitali moja ya misheni, mbali, mkoa mwingine. Hospitali hiyo ilikuwa na chuo cha uuguzi, na kila mwaka ilichukua mwanafunzi mmoja kutoka shuleni kwetu, bure kabisa, mpaka amalize. Walimu wa chuo walikuwa wageni watupu, Kiswahili hawakijui, kwa hiyo sharti lilikuwa moja. Anayekuja awe anasikia Kiingereza kikisemwa na anaelewa anachokisoma. Mwalimu wa somo awapime wote, aandike alama na maoni yake. Mkuu akaniambia anataka alama nzuri, shule isiaibike.

Walikuwapo wawili waliokitaka chuo hicho kuliko wengine. Mmoja ni Elia, kijana wa Itigi, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Elia alikuwa na sauti! Ukimpa ukurasa asome kwa sauti ungedhani ni mtangazaji wa redio, hakwami wala hababaiki. Wa pili ni Zaituni, binti wa mkulima wa Kinyaturu kutoka vijiji vya Ikungi. Mama yake alikuwa amefia zahanati wakati wa kujifungua, na tangu hapo msichana huyu hakuwa na wimbo mwingine zaidi ya uuguzi. Zaituni alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Akifika mahali hapaelewi anarudi juu, anaanza tena. Ilinikera sana. Niliona ananipotezea kipindi.

Siku ya kuwapima kusoma nilimsimamisha kila mmoja asome kwa sauti, nikaandika alama kwa jinsi nilivyoburudika. Sikumuuliza hata mmoja alichosoma kilikuwa kinasema nini. Elia akapata alama za juu kabisa.

Kesho yake ikawa zamu ya kusikiliza. Utaratibu ulikuwa mimi nisome habari ya ukurasa mmoja mara mbili, wao hawana kitabu, kisha wajibu maswali kwenye karatasi. Habari yenyewe ilihusu mgonjwa mmoja na dawa zake. Nikasoma mara ya kwanza, mbiombio, kwa ile sauti yangu ya puani. Nikauliza kama wameelewa. Wakaitika wote kwa pamoja. Zaituni akasimama.

"Samahani, Madamu," alisema kwa Kiingereza kilichonyooka. "Yule mgonjwa, dawa ya pili alipewa au walimzuia asiinywe? Hapo sijaelewa. Naomba ukirudia usome taratibu."

Nikainama kwenye karatasi. Mwanangu, habari ile nilikuwa nimeisoma mara nne chumbani kwangu, nafanya mazoezi ya kuitamka, na sikujua. Niliipitisha mdomoni mara nne bila kuielewa. Darasa lilikuwa linanisubiri.

"Wenzako wote wameelewa," nikamwambia. "Wewe masikio umeyasahau bwenini? Kaa chini."

Wakacheka. Nilicheka pamoja nao. Zaituni akakaa, na mara ya pili nikasoma kwa haraka zaidi.

Karatasi nilizisahihisha peke yangu, kwa majibu yaliyokuja pamoja na zile fomu. Zilikuwa aibu. Hao waliosema wameelewa walikuwa wamebahatisha kila swali, wengine wamenakili majibu ya jirani pamoja na makosa yake. Zaituni alikuwa amepata yote isipokuwa lile swali la dawa ya pili, ambalo aliliacha wazi. Ningeandika hivyo tu, mambo yangekwisha. Lakini ningeandika alama za kweli za darasa zima, mkuu angeniuliza mwaka mzima nilikuwa nafundisha nini. Nikawapandishia wote. Nilipofika jina la Zaituni, hasira ikanipanda. Alikuwa ameniona sijui, mbele ya watu. Nikamshusha. Kwenye nafasi ya maoni nikaandika kwamba ni mzito wa kusikiliza na anauliza ovyo. Nilifanya hivyo nikiwa na akili zangu timamu, mwanangu, usije ukasema niliteleza.

Fomu zikatumwa, na kabla hata shule haijafungwa jibu likaja. Nafasi amepewa Elia.

Wiki ya kufunga shule, wazazi walikuja kuchukua watoto wao. Baba yake Zaituni, Mzee Hamisi, alifika kutoka Ikungi, mrefu, mkavu, kanzu yake imefuliwa mpaka imefifia. Binti alikuwa pembeni yake na tranka lake la bati. Mzee alishika nakala ya maoni yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mimi kusoma sijui. Nisomee hapa."

Nikamsomea, kwa sauti ndogo. Akarudia yale maneno, mzito wa kusikiliza, kama mtu anayeonja chakula ambacho hakukizoea. Nikaanza kumweleza mambo ya vigezo na viwango, maneno mengi ya kisomi, nikidhani yatamchosha. Hayakumchosha. Aliningoja nimalize, kisha akaniambia kitu kwa Kinyaturu, taratibu, akinitazama usoni. Kinyaturu na Kinyiramba ni majirani lakini si lugha moja. Nilidaka neno la mtoto, mengine yakanipita. Lakini alikuwa mzee, na sauti yake ilipanda mwishoni kama anayetaka jibu. Nikainamisha kichwa.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

Zaituni akatazama chini.

"Umeelewa nilichokuambia?" akaniuliza, sasa kwa Kiswahili.

"Ndiyo, mzee." Mara ya pili, mwanangu! Nilisema ndiyo mara ya pili.

"Nimekuuliza kama haya uliyomwandikia mwanangu ni uongo. Umesema ndiyo. Lakini mimi naona hukunielewa, binti yangu, umeitikia tu kwa sababu nina mvi. Sasa hao watoto wako walioitikia, ulijuaje wameelewa?"

Ardhi ingepasuka ningeingia.

"Huyu nilimfundisha mwenyewe," akaendelea. "Alikuwa anachunga. Siku moja nikamwagiza ng'ombe awapitishe wapi, akaitikia ndiyo, kumbe hakunielewa. Wakaingia kwenye mtama wa jirani, wakaumaliza. Nikamwambia kuanzia leo, mwanangu, hujaelewa, uliza. Hata kama ni mimi. Hata kama ni shehe. Sasa ameuliza shuleni, na hapa mmemwandikia kosa." Akaikunja ile karatasi. "Kule hospitali masomo hayajaanza, nimeambiwa bado wiki tatu. Waandikie. Waambie ulikosea."

"Nitaandika, mzee."

"Haya. Sisi tunasubiri majibu yake."

Nilikwenda kwa mkuu siku hiyohiyo. Alinisikiliza, akafunga mlango. "Ukiandika kwamba alama za Zaituni si za kweli, watataka kuona karatasi za darasa zima. Utawapelekea?" Nikatikisa kichwa. "Basi, Madamu, tulia ufundishe. Mtoto mwenye akili hakosi pa kwenda."

Barua niliiandika. Ilikuwa nzuri, Kiingereza safi, hakuna kosa hata moja. Nikaiweka ndani ya kitabu, nikasema nitaipeleka posta Jumatatu. Ikapita Jumatatu, ikapita nyingine, mpaka zikaisha zile wiki tatu. Nilikuwa naogopa kufukuzwa kazi. Sina maelezo mengine, na hilo ndilo lote.

Elia hakumaliza hata mwaka. Alirudi amekonda, akapita shuleni kunisalimia. "Madamu," alisema, "nilikuwa naitikia tu. Sista ananituma kitu, nasema yes, nafika mlangoni nasimama, sijui nilete nini. Wakaniambia nitaua mtu." Hakunilaumu. Alidhani ubovu ni wake, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwacha adhani hivyo.

Nilistaafu, nikahamia hapa Ikungi kwa mwanangu mkubwa. Siku moja ya mnada nikamwona mwanamke amekaa kwenye magunia ya alizeti. Akainuka kabla sijafika.

"Shikamoo, Madamu."

Nilimjua kwa sauti. Nikakaa kwenye gunia bila kukaribishwa. Nikamwambia yote, kuhusu alama, kuhusu ile habari ambayo sikuielewa, kuhusu barua. Nililia hadharani, mtu mzima na miwani yangu, wateja wanatupita.

"Najua hukuituma," alisema. "Baba alikuwa akienda posta kuulizia kama hospitali wamejibu, kila Ijumaa baada ya swala. Alienda mpaka mwaka ukaisha. Hakukubali kwamba mwalimu anaweza kusema ataandika halafu asiandike."

"Na wewe?"

"Mimi nilijua siku ileile. Nilikuona ulivyoitikia."

Nikamuuliza habari za watoto, kwa sababu nilihitaji kusikia kitu chochote kingine. Akasema wa mwisho, msichana, yuko kidato cha sita na anakipenda Kiingereza. Nikamwambia amfundishe kuuliza, kama Mzee Hamisi alivyomfundisha yeye. Zaituni akatikisa kichwa, akaendelea kufunga mdomo wa gunia.

"Hapana, Madamu. Huyu nimemwambia, mwalimu akiuliza mmeelewa, sema ndiyo, kaa. Sitaki yampate yaliyonipata mimi."

Hayo ndiyo niliyoyafanya, mwanangu. Kumnyima mtu chuo ni dhambi tosha, lakini mimi niliharibu hadi kile Mzee Hamisi alichokijenga nyumbani kwake, na sasa anakua mtoto ambaye sijawahi kumwona, anafundishwa kunyamaza kwa sababu yangu. Sijui namna ya kukirudisha. Nimekwenda kwao mara tatu. Zaituni ananikaribisha, ananipikia, tunazungumza habari za mvua.

Sasa nisikilize. Usiwaulize watoto wa huku kama wameelewa, maana watakuheshimu na watakujibu ndiyo. Mwambie mmoja akusimulie ulichosoma, kwa maneno yake, akikwama hata kwa Kiswahili, hata kwa Kinyaturu akiwapo wa kukutafsiria. Soma taratibu, hayo si mashindano. Anayesoma kwa sauti tamu mpe pongezi ya sauti tamu, alama mpe baada ya kukuambia alichosoma. Na kabla hujasimama mbele yao na ukurasa, uelewe wewe kwanza, mpaka uweze kumsimulia bibi yako jikoni. Akisimama mtoto akakuuliza jambo hulijui, sema hulijui. Utaona aibu kwa dakika chache tu. Mimi nilizikimbia dakika hizo, na sijamaliza kuzilipa mpaka leo. Alama zikiwa mbovu, ziandike mbovu, uitwe uulizwe. Na ukigundua umemwandikia mtu uongo, barua ya kuusahihisha usiilaze nyumbani hata siku moja, kwa sababu huko kijijini kuna mtu anaisubiri.

Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie. Akulinde na watoto wa kukuitikia tu. Akupe hata mmoja wa kusimama mbele ya wenzake akuambie hajaelewa, na siku hiyo akupe moyo wa kurudia.