Daftari la Sita

Niliporudi Mwanza mwanzoni mwa miaka ya tisini, Nyakato nzima hapakuwa na mtu mwingine mwenye stashahada ya uchapaji kutoka Ulaya. Nalisema hili bila haya kwa sababu niliipata kwa jasho langu. Baba yangu alilima pamba na hakujua kusoma, wala sikuwa na mjomba serikalini. Nilijifunza lugha yao, nikasoma miaka mitatu, nikabaki kufanya kazi katika viwanda vyao mpaka nikaweza kununua mashine ya ofseti iliyotumika. Nikaipakia melini, kisha kwenye reli, nikaipokea mwenyewe stesheni. Ilikuwa enzi ya ruksa, na mtu binafsi aliweza kuwa na kiwanda chake. Nikafungua changu hapohapo Nyakato. Nikajenga nyumba Kiseke wakati wenzangu wakiita Kiseke pori.

Mwaka huohuo nikaoa. Wakati wa uchumba mke wangu alikuwa akisikiliza habari zangu za Ulaya kidevu kikiwa kiganjani, mdomo wazi kidogo: theluji, treni zinazopita chini ya ardhi, siku niliyomsahihisha mwalimu wangu wa rangi mbele ya darasa. Baada ya ndoa nilimfundisha kupiga taipureta, na akawa mpigaji hodari kuliko wote niliowaona mjini. Lakini miaka minne ilitosha kumaliza habari zangu. Nikianza, "Siku moja nikiwa kule," yeye alimalizia sentensi huku akiendelea kuchambua mchele. Niliandika kumbukumbu zangu, kurasa arobaini, nikampa azipige. Alizipiga bila kosa hata moja. Wala hakuinua kichwa.

Ndipo akaja mwalimu wa shule ya msingi, Mhaya wa Kagera, na madaftari ya shule yamefungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa ameandika riwaya ya kutisha na alitaka kuichapisha. Hakuwahi kufika hata Nairobi.

Mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku kwenye tope, mke wangu akashindwa kuusoma. Mimi nikatoa utaratibu niliofundishwa kule: mwandiko mbaya husomwa na mwenyewe kwa sauti, anataja alama zote, na mpigaji anapiga bila kuondoa macho kwenye karatasi. Kwa hiyo ni mimi niliyewakalisha wale wawili pamoja. Kila alasiri, mwalimu alipotoka shuleni, walikaa kwenye chumba cha mbele, mimi nikiwa nyuma kwenye mashine.

Riwaya ilihusu mji mdogo kando ya ziwa. Kila siku ya gulio lori huondoka na watu na kurudi na mtu mmoja zaidi. Ndani hamna mgeni. Kila abiria anajulikana, ana nyumba yake, ana mama anayemkumbuka alivyokuwa mtoto. Lakini hesabu imezidi mmoja, na hakuna anayeweza kusema ni yupi.

"Akasikia hatua nyuma ya nyumba nukta," mwalimu alisoma. "Zikasimama mkato kisha zikaendelea nukta."

"Ngoja, Mwalimu. Ngoja kwanza nipumue."

Mimi sikuwahi kuambiwa ningoje mtu apumue. Mtu anasoma hadithi ya mizimu na mikato ndani yake, kama orodha ya vipuri, na mke wangu anashika kifua!

Nyumbani ikawa hivyohivyo. Anapakua wali, anasema, "Unajua leo yule mwenye duka amewahesabu upya?"

"Sijui, na sitaki kujua."

"Ishirini na wanne. Walioondoka ni ishirini na watatu."

"Basi alikosea kuhesabu."

"Wewe!" Akaniangalia kama mtu aliyetemea chakula. "Hadithi yenyewe ndiyo hiyo."

Hata fundi wangu wa mashine, kijana mwenye mdomo, alianza kunitania. "Bosi, na wewe si uandike ya mzimu wa Ulaya? Unatembea umevaa koti." Nilimwambia asafishe rola za wino. Akazisafisha huku anacheka.

Madaftari yalikuwa sita. Walipomaliza la tano, mwalimu akaja Alhamisi moja asubuhi, mke wangu akiwa amekwenda sokoni Kirumba.

"Shikamoo, mzee."

Nimemzidi miaka mitano tu. "Marahaba."

"Nimepata msiba nyumbani Kagera, naondoka leo. Nitarudi Jumatano ijayo. Hili ndilo la mwisho. Mpe mama, nimejitahidi kuandika vizuri ili aweze kuanza."

Nilimpa pole, nikampa na maji ya kunywa, kwa sababu nimelelewa. Alipoondoka nikaliweka daftari kwenye kabati la mabamba ya kuchapia, chini kabisa, nikafunga kwa ufunguo. Sikulifungua. Sikutaka kumpa nafasi ya kunisubirisha hata mimi.

Mke wangu aliporudi nilimwambia mwalimu amefiwa, amesafiri.

"Na daftari?"

"Hajaleta."

Ijumaa akauliza tena. Jumamosi akasema labda amelituma kwa mtu. "Watu wa namna hii huanza, hawamalizi," nikamwambia. Aliinamisha kichwa. Niliona amevunjika moyo, na moyo huo alivunjiwa na yule, si na mimi. Nikiri: zile siku mbili nilikula kwa hamu. Nilijaribu hata kumweleza habari ya kiwanda cha karatasi nilichofanyia kazi, na alinisikiliza kwa kuwa hakuwa na kingine.

Mchana wa Jumamosi fundi alipita kuaga. "Mama, sasa mzimu ni nani? Na sisi tunasubiri."

"Mwalimu hajaleta daftari."

"Hajaleta? Si alimpa Bosi Alhamisi? Mimi nilikuwa pale."

Akaondoka haraka alipoona sura yangu. Mke wangu hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, nikaweka ufunguo.

Jumapili tulipotoka kanisani, hakuelekea nyumbani. Tulikwenda Nyakato, akafungua kiwanda, akatoa daftari kabatini, akaweka karatasi kwenye taipureta, akavuta kiti cha mwalimu.

"Kaa. Umelificha wewe, utalisoma wewe."

"Mwandiko wenyewe ule."

"Si ulisema ulifundishwa kusoma hata mwandiko wa maprofesa?"

Nilifundishwa, kweli. Nikakaa, nikaanza. Nilitaja kila nukta na kila mkato kwa sauti ya kukata, nikitumaini zitaisaga hadithi iwe unga. Mke wa mwenye duka anapakua chakula cha jioni. Watu watano, sahani tano. Mume, mama mkwe, watoto wawili, na yeye. Anawaangalia wanavyokula, anawapenda wote, kila mmoja anamkumbuka tangu siku ya kwanza. Kisha anaingia vyumbani kutandika, na kila mtu wa nyumba ile ana kitanda chake. Anahesabu vitanda. Viko vinne.

Sijui ni mstari gani nilipoacha kutaja alama. Nilisoma tu. Vinyweleo vya mikono vilinisimama mchana kweupe, mashine za jirani zimezimwa, jua linawaka kwenye bati. Yule mama anarudi mezani. Anaweza kuuliza. Swali moja tu, na mmoja wao ataondoka. Anakaa, anawaongezea mboga. Kesho yake anakwenda kwa seremala, anaagiza kitanda cha tano.

Nilipoinua macho, taipureta ilikuwa kimya tangu zamani. Mke wangu alikuwa ameweka kidevu kiganjani, mdomo wazi kidogo. Miaka minne nilikuwa nautafuta uso ule. Sasa ulikuwa mbele yangu, sauti ni yangu, na maneno ni ya mtu mwingine.

"Soma tena pale anapohesabu," akasema.

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo hawaulizi?"

"Hawaulizi."

Akafuta macho kwa kitenge. Kisha akaivuta karatasi, akaona amepiga ukurasa mmoja tu, akacheka kidogo, si kwa ajili yangu.

"Mwalimu akirudi Jumatano, utamwambia mwenyewe kwamba ulilificha."

"Nitamwambia."

"Na utamwambia kitabu ni kizuri."

Nilipanga kurasa za daftari mpaka zikalingana, ingawa zilikuwa zimeshonwa na hazikuhitaji kupangwa. Yeye alinisubiri.

"Nitamwambia yote mawili," nikasema. "Lakini nitaanza na lile la kuficha. Ni jepesi zaidi."